Kuandika Mombasa Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa walimu, wanafunzi, mafundi, akina mama wa vikundi na wazee wa hapa Mombasa wanaotaka kuchangia Wikipedia ya Kiswahili, ramani huria na tovuti nyingine zinazojengwa na watu wengi kwa pamoja. Anayejibu ni mhariri wa kujitolea, mkaazi wa kisiwani. Penye kanuni nimeeleza kanuni. Penye maoni yangu, utayaona.

Tovuti hizi ni zipi, na huandikwa na nani?

Inayojulikana zaidi ni Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa kwa Kiingereza na Jimmy Wales na Larry Sanger tarehe 15 Januari 2001. Ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000, ingawa nyingi ni fupi mno. Mbinu yenyewe ina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1995 Mmarekani Ward Cunningham alitengeneza tovuti ambayo msomaji aliweza kuibadilisha papo hapo bila kumwomba ruhusa mwenye tovuti, na yote yaliyofuata yamesimama juu ya wazo hilo.

Kompyuta zinazohifadhi Wikipedia husimamiwa na Wikimedia Foundation, shirika lisilo la faida lenye makao San Francisco. Shirika hilo haliandiki makala. Wanaoandika ni watu wa kawaida: mwalimu wa Kisauni, mwanafunzi wa Dodoma, muuguzi wa Bukavu anayeandika usiku akitoka zamu. Wikipedia ina ndugu zake pia: Wikimedia Commons (2004) kwa picha, sauti na video, Wikamusi kwa maneno na maana zake, na Wikidata (2012) kwa taarifa fupifupi kama tarehe na mahali. Halafu kuna OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004. Hiyo haimo katika familia ya Wikimedia, ila huendeshwa kwa moyo uleule.

Jambo la kushika mapema ni kwamba kila tovuti hupokea aina yake ya ujuzi. Nimewaona watu wakileta maarifa mazuri kabisa mahali pasipoyapokea, wakakataliwa, wakaondoka wakidhani hawatakiwi. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata ni ya kuwazuia watu hao wasiondoke.

Kama kila mtu anaweza kubadilisha, si itakuwa vurugu tupu?

Fungua makala yoyote, ubonyeze juu palipoandikwa historia. Utaona kila badiliko tangu siku makala ilipoanzishwa: tarehe, saa, aliyebadilisha, na ameongeza au kupunguza kiasi gani. Hakuna kinachopotea. Mtu akiandika leo kwamba Fort Jesus ilijengwa na Waomani, mhariri mwingine ataliona badiliko hilo, atarudisha toleo la awali na kuonyesha chanzo: Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, nao Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Huenda aliyekosea hakuwa na nia mbaya, alichanganya aliyejenga na aliyeteka. Kwa hiyo kanuni yetu ni kudhani wema kwanza.

Ubishi ukiendelea, huhamia kwenye ukurasa wa "Majadiliano" wa makala hiyo. Kuna pia wakabidhi, yaani wahariri waliochaguliwa na wenzao, wenye uwezo wa kufuta kurasa, kuzifunga kwa muda na kuwazuia waharibifu.

Lakini ukweli usemwe: wahariri wa kudumu wa Wikipedia ya Kiswahili ni wachache ukilinganisha na wa Kiingereza. Kosa ambalo kwa Kiingereza lingeondolewa kwa dakika chache, kwetu linaweza kukaa. Tunahitaji macho zaidi, hasa ya watu wanaoujua mji huu kwa kuishi ndani yake.

Nianzie wapi?

Anza na kidogo. Fungua akaunti, na si lazima utumie jina lako halisi. Kisha tafuta makala ya mtaa wako au kata yako. Makala nyingi za kata za Kenya zina sentensi moja tu, inayosema kata hiyo iko eneo bunge fulani, katika kaunti fulani. Chini utaona maandishi yanayosema makala hiyo "bado ni mbegu" na kukualika uihariri. Bonyeza "Hariri", ongeza sentensi moja yenye chanzo, eleza kwa ufupi ulichokifanya, uhifadhi. Hayo tu.

Usianze na makala ndefu mpya. Anayeanza kwa kusahihisha tahajia na kuongeza tarehe iliyokosekana hujifunza taratibu bila maumivu.

Babu yangu anajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Naweza kuyaandika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa uchungu kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Wikipedia haipokei simulizi kama chanzo. Kanuni ni kwamba kila jambo lithibitike katika maandishi yaliyokwisha kuchapishwa na mtu au taasisi ya kuaminika. Haina maana kwamba babu anasema uongo. Maana yake ni kwamba msomaji aliye Kigoma hana njia ya kumfikia babu amuulize. Atakachoweza kukagua ni kitabu, gazeti au jarida ulilolitaja kwenye tanbihi.

Kwa watu wa Pwani kanuni hii inauma, maana mengi ya kwetu yamehifadhiwa vifuani. Fikiria mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 hivi. Wamvita waliyashika kwa moyo, wakayasomeana barazani, na zaidi ya miaka 40 baadaye yalikuwa bado vinywani mwa watu. Hapo ndipo Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa, alipoyakusanya pamoja na mmishonari William Taylor, moja baada ya jingine, na maelezo ya nani alikuwa akijibiwa na kwa sababu gani. Hati hizo ziko London hadi leo, katika chuo cha SOAS, na mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha mashairi hayo. Jina la Taylor ndilo lililozoeleka zaidi katika maandishi ya kitaalamu. Kwangu mimi, bila Mwalimu Sikujua kusingekuwa na cha kuchapisha, na bila wale wasiotajwa majina walioyakariri, hata yeye asingekuwa na cha kukusanya.

Kwa hiyo usimwache babu. Zipo njia.

Ya kwanza ni sauti. Mwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu, umweleze kwamba sauti yake itasikika duniani kote na mtu yeyote ataruhusiwa kuitumia. Akikubali, mrekodi mahali patulivu, mwanzoni ajitambulishe na ataje mji na mwaka, kisha uipandishe Commons. Commons haidai kitabu. Inadai kwamba kazi hiyo ni halali yako kuitoa, kwamba mwenye maneno ameridhia, na kwamba ina faida ya elimu. Mzee akieleza jinsi jahazi linavyokalafatiwa, au mpangilio wa Miji Tisa na Miji Mitatu ya Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, kama alivyoupokea kwa wazee wake, hiyo ni elimu.

Ya pili ni kuyafikisha mahali yanapochapishwa. Mwandishi wa gazeti la Taifa Leo akiandika makala kuhusu fundi wa mwisho wa kazi fulani, makala hiyo sasa ni chanzo. Mwanafunzi wa chuo akiandika tasnifu kutokana na mahojiano, hicho nacho ni chanzo. Walimu, wapeni wanafunzi kazi za namna hii.

Ya tatu ni kutafuta vizuri. Mengi tunayodhani hayajaandikwa yameandikwa, ila yamefungiwa katika majarida ambayo hatuyaoni. Uliza makumbusho ya Fort Jesus. Uliza maktaba ya taifa. Uliza vyuo. Mara nyingine utakuta simulizi ya babu yako neno kwa neno katika jarida la kitaalamu, imeandikwa na mgeni aliyekaa barazani na babu wa babu yako.

Vipi ninayoyajua kwa macho na miguu yangu?

Hayo yapeleke kwenye OpenStreetMap. Ramani hiyo haikuulizi kitabu. Ukisema kichochoro hiki kinatokea pale, na kwamba katikati kuna ngazi ambazo mkokoteni haupiti, ujuzi wako unatosha, na jirani yako akiona umekosea atasahihisha.

Kenya ina historia nzuri katika jambo hili. Mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya walitengeneza Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera wakaichora Kibera wenyewe katika mradi wa Map Kibera, mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulionekana kama eneo tupu. Kuna sehemu za Mombasa zinazostahili kazi hiyo. Tembea Kibokoni au Majengo na programu kama StreetComplete kwenye simu: hukuuliza swali moja moja kuhusu mahali uliposimama, kama vile njia hii imetiwa lami au la, duka hili linauza nini, kituo hiki cha basi kina paa au hakina. Andika visima, vioski vya maji, zahanati, vyoo vya umma. Mtu anapougua usiku, zahanati iliyomo ramanini na saa zake za kufungua ina thamani kubwa kuliko makala kumi za sifa.

Katazo moja kubwa: usinakili kutoka Google Maps. Ile ni mali ya watu, na kazi yote iliyonakiliwa itafutwa.

Nipige picha gani?

Fort Jesus na pembe za Moi Avenue zimepigwa picha za kutosha. Zinazopungua ni za vitu tunavyovishika kila siku bila kuvitazama: mbuzi na nazi inakunwa, kifumbu kikikamuliwa tui, mikate ya mofa ikibandikwa ndani ya tanuri, fundi akichonga fremu ya mlango, mkokoteni wa maji na mitungi yake.

Chukua mfano wa leso. Picha nyingi za leso mtandaoni zinaonyesha mwanamke amejifunga, na leso yenyewe huioni. Itandaze yote juu ya jamvi kwenye mwanga wa asubuhi, usimame juu ya kiti, upige ili vionekane vitatu kwa pamoja: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Kisha piga jina peke yake kwa karibu hadi lisomeke. Katika maelezo, liandike herufi kwa herufi kama lilivyochapwa, hata kama tahajia yake si ya shuleni, na utaje mwaka leso hiyo iliponunuliwa kama mwenyewe anaukumbuka. Picha kama hiyo mtafiti ataitumia, mbunifu ataitumia, na mtoto wa Kimombasa aliyezaliwa ughaibuni ataitumia.

Masharti ni haya. Picha iwe umeipiga wewe. Iliyokufikia kwa WhatsApp si yako, hata kama aliyekutumia ni shangazi yako. Mtu akionekana uso, mwombe. Watoto, waombe wazazi. Na nyumbani kwa watu usipige wanawake bila idhini yao ya wazi. Bandarini, kwenye feri ya Likoni na karibu na kambi za jeshi usinyanyue kamera kabla ya kumuuliza askari. Na ujue kwamba ukiitoa picha kwa leseni huria, umeitoa: yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi akutaje na afuate masharti ya leseni. Huwezi kubadili mawazo mwakani.

Niandike Kiswahili sanifu au Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa?

Makala za Wikipedia huandikwa kwa Kiswahili sanifu, ili msomaji wa Mwanza na wa Lubumbashi wasikwame. Najua hili lina historia yake. Mkutano ulioamua kwamba sanifu ijengwe juu ya Kiunguja, si Kimvita, ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika hapahapa Mombasa. Wapo wazee ambao hawajaridhika mpaka leo, na siwalaumu.

Ila Kimvita hakijafungiwa nje. Shairi linukuliwe kama lilivyo, *nti* (nchi) ibaki *nti* na *mato* (macho) yabaki *mato*. Makala kuhusu lahaja inataka mifano mingi. Na Wikamusi inataka maneno yetu ya bahari, ya upishi, ya harusi na ya ufundi, yakiwa na maana zake na sentensi za mifano. Mvuvi wa Mtongwe ana majina ya pepo, ya samaki na ya sehemu za dau ambayo sijayaona katika kamusi ninazozitumia.

Naweza kutumia tafsiri ya mashine au akili unde (AI)?

Kama msaada wa kuanzia, kwa Wikipedia kuna zana ya kutafsiri makala kutoka lugha nyingine, na haikatazwi. Kuibandika kama ilivyotoka, hapana. Nimesafisha makala ambamo kila sentensi ilikuwa na viambishi visivyopatana, na kazi ya kusafisha huchukua muda mrefu kuliko kuandika upya.

Nina wasiwasi mwingine mzito zaidi. Mifumo ya akili unde hufunzwa kwa maandishi yaliyomo mtandaoni, na Wikipedia ni mojawapo ya vyanzo vyake vikuu. Maandishi ya Kiswahili ni machache. Tukiyajaza kwa Kiswahili kibovu cha mashine, mashine ya kesho itajifunza ubovu huo na kuwafundisha watoto wetu kwamba ndivyo tunavyosema. Tena mifumo hii hubuni vitabu visivyokuwepo, na majina ya waandishi na kurasa juu yake. Usiweke tanbihi ya kitabu ambacho hujakiona.

Kuna malipo?

Hakuna. Wikipedia haina matangazo, inaendeshwa kwa michango. Gharama yako ni muda na bando. Kama bando ni tatizo, andika kwanza kwenye simu bila mtandao, ubandike ukifika penye Wi-Fi.

Naweza kuandika kuhusu duka langu, kikundi chetu au mheshimiwa wetu?

Usiandike kuhusu biashara yako wala mwajiri wako. Kama kuna kosa katika makala inayokuhusu, eleza kwenye ukurasa wa Majadiliano, useme wazi wewe ni nani, uache mwingine asahihishe. Kuhusu watu walio hai kuwa mwangalifu mara mbili: kila tuhuma iwe na chanzo imara, na mambo ya nyumbani mwa mtu yabaki nyumbani mwake.

Mombasa ina watu wengi waliokwisha kuandikwa vitabuni na magazetini ambao makala zao zinahitaji kukuzwa: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, mwanawe Ali Mazrui (1933–2014), Juma Bhalo na Zuhura Swaleh wa taarabu. Anza na hao kabla ya mgombea udiwani.

Makala yangu imefutwa. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu ilinakiliwa. Kubadilisha maneno mawili matatu ya makala ya gazeti hakuifanyi iwe yako. Habari haina mwenyewe, ila namna ilivyoandikwa inaye: kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya maandishi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Soma, funga kitabu, eleza kwa maneno yako, kisha utaje kitabu.

Sababu nyingine ni kukosa vyanzo, au kuandika kama tangazo. Muulize aliyefuta, kwa adabu. Wengi hujibu.

Kuna mambo yasiyofaa kuandikwa kabisa?

Yapo. Misitu ya kaya za Mijikenda imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, na mengi kuihusu yamechapishwa. Hayo andika. Lakini sehemu ambazo wazee wa kaya hawazionyeshi wageni, usizitie ramanini, hata kama wewe ni mwenyeji na unazijua. Hali kadhalika dawa na matambiko ambayo wenyewe wameyawekea miiko. Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi, ya mwaka 2016, na kabla ya sheria kuna heshima. Leseni huria haitofautishi mtafiti na mfanyabiashara wa dawa: kikishatoka, kimetoka. Waulize wenyewe, na wakisema hapana, iwe hapana.

Mwanafunzi anaweza kuitaja Wikipedia katika insha?

Aisome, kisha ashuke chini kwenye tanbihi, avifuate vyanzo na kuvitaja hivyo. Mwalimu anayeikataza moja kwa moja anawanyima wanafunzi mazoezi mazuri sana: wape makala ya mji wao, waambie watafute sentensi isiyo na chanzo, kisha waende maktaba wakaitafutie.

Nikikwama, nimuulize nani?

Fungua ukurasa wa Majadiliano wa makala unayoishughulikia, au wa mhariri unayemwona mara kwa mara kwenye historia ya makala hiyo. Andika swali kwa Kiswahili, ulitaje tatizo lenyewe na ulichokwisha kujaribu, na mwishoni weka alama hizi nne: ~~~~. Ukihifadhi, jina lako, tarehe na saa vitajiandika vyenyewe, na atakayejibu atajua anamjibu nani.